UZI: Wenye Kiingereza chao wenyewe hawaelewani, sisi huku tunachekana nini?

#1 Mzee wa Mapokezi

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba msiunganishe huu uzi na zile za viongozi kuchapia Kiingereza, huu unajitegemea, japo kweli zile ndo zimenichosha mpaka nikakaa kuandika.

Bongo haipiti wiki bila klipu ya mtu kachapia Kiingereza kuzunguka kila grupu, watu wanacheka mpaka wanagaragara, halafu hao hao wanaocheka waambie waandike barua ya kazi kwa hicho hicho Kiingereza uone wanavyoanza kumtafuta mjomba. Mimi nipo Dubai, nafanya kazi hotelini, dawati la mapokezi, na hapa Kiingereza kinaingia mlangoni cha kila aina, cha Mwingereza, cha Mmarekani, cha Mhindi, cha Mnaija, cha Msauzi, cha Mwaustralia. Nilichokuja kukiona ni kwamba hawa watu kila siku ya Mungu hawaelewani wao kwa wao, ila tofauti yao na sisi ni moja tu, wao hawaoni aibu. Mtu akikwama anakunja sura anasema yule mwingine ndo hajui.

Tuanze na ghorofa maana hilo ndo janga langu la kila zamu. Kwa Mwingereza, na sisi aliotufundisha, pale chini unapoingilia ni "ground floor", ukishapanda ngazi ndo umefika "first floor". Kwa Mmarekani pale chini tayari ni "first floor". Sasa mpe Mmarekani kadi ya chumba umwambie kipo first floor, hagusi lifti huyo, anaanza kuzunguka humo humo chini, anapita mlango wa jikoni, anatokea kwenye mgahawa, anapita nyuma ya bwawa, anarudi kwangu kanuna anasema hakuna chumba kama hicho. Siku hizi nasema tu "bonyeza moja kwenye lifti", yameisha.

Halafu kuna nguo. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi. Kuna jamaa wa kutoka Texas alimwagikiwa kahawa pale sebuleni kwetu akaanza kutangaza kwa sauti ile yao ya kumwita mtu ng'ambo ya mto kwamba pants zake zimelowa chapachapa na anataka kuzivua, na kwenye kochi jirani kulikuwa na bibi wa Kiingereza na mjukuu wake, yule bibi alinyanyua gazeti likafunika uso mzima. Zamu nyingine dada wa Kiaustralia anauliza kama anaruhusiwa kuja kwenye chai ya asubuhi akiwa amevaa "thongs". Mwenzangu pale dawatini, Mfilipino aliyesoma Kiingereza cha Kimarekani, akawa mwekundu, maana kwa Mmarekani hizo ni zile chupi za kamba. Dada wa watu alikuwa anamaanisha ndala! Kwao ndala ndo zinaitwa hivyo, na jirani zake wa New Zealand wao wanaziita "jandals".

Chipsi nayo ni vita. Mwingereza akisema "chips" anataka hizi zetu za kukaanga, zile za pakiti anaziita "crisps". Mmarekani akisema "chips" anataka za pakiti, zetu anaziita "fries". Mwaustralia yeye kaamua kuita vyote "chips" na liwalo na liwe, ukimbana sana anaongeza "hot" mbele.

Sasa nije kwa bosi wangu Mhindi ambaye mimi namkubali sana. Huyu ana neno "prepone", maana yake kinyume cha "postpone", yaani kukiwahisha kikao badala ya kukiahirisha. Mwingereza wa mauzo alicheka siku ya kwanza, ila mwambie akupe neno lake moja la hiyo kazi, anabaki anatafuta! Bosi akitaka kujua jina la mgeni anauliza "what is your good name", imeili zake zote zinaishia na "kindly do the needful", na akikwambia mwanae "amepass out" chuoni usikimbilie kuita gari la wagonjwa, dogo kahitimu. Na hapa ndo palinipa raha ya mwaka. Bosi alisema kwenye kikao kwamba matengenezo yatakula "two lakhs", Mwingereza na Mmarekani wakatazamana kama wameambiwa kwa Kichina, mimi Mbongo nikawa nimeshapiga hesabu kichwani. Laki mbili si laki mbili jamani? Neno lile lile, limevuka bahari na majahazi likafika kwetu, wenye Kiingereza wao likawapita.

Mnaija naye anakuaga kwa kusema "I'm coming" huku anatokomea. Wazungu wanabaki wamesimama wanamsubiri, mimi ninaelewa kabisa, si ndo "nakuja" yetu hiyo hiyo ambayo mtu anaisema akiwa anaondoka. Na ukijikwaa anakwambia "sorry", Mmarekani anamjibu "mbona si wewe uliyeniangusha". Ni pole hiyo ndugu, anakupa pole, pokea.

Mlio nchi zingine tiririkeni, mimi naingia zamu.

#2 Bwana Yusufu wa Pretoria

Mkuu umenigusa. Huku Sauzi taa za barabarani zinaitwa "robots". Mgeni akishuka uwanja wa ndege anaelekezwa "nenda mpaka roboti ya tatu, kata kushoto", anatoa macho anadhani nchi imeendelea kiasi kwamba trafiki wamestaafishwa wakawekwa mashine zenye mikono.

Ila kinachoua watu zaidi ni saa zao. Mtu akikwambia anafanya kitu "just now" ujue si sasa, ni baadae, na hiyo baadae inaweza ikawa leo au isiwe. Akisema "now now" hapo ni karibu kidogo, kama dakika kadhaa. Fundi bomba akisema "just now" nenda kaoge, fua, pika, lala. Wazungu wa Uingereza wanaokuja kufanya kazi huku wanapata presha, mimi Mswahili nimeshazoea "nipo njiani" ya mtu ambaye bado yuko kitandani so sikupata shida yoyote.

Na "shame". Ukifiwa wanakwambia "shame", ukileta mtoto mchanga mzuri wanamwangalia wanasema "ag shame". Mke wangu alitaka kugombana na jirani akidhani mtoto wetu anaonewa aibu, kumbe anasifiwa.

#3 Chaki Nyeupe

Mimi ni mwalimu wa somo lenyewe kwahiyo niruhusuni niongee kidogo. Hizi tofauti za herufi mnazoziona, "colour" na "color", "centre" na "center", hazikutokea kwa bahati mbaya, kuna mtu alikaa chini akaamua. Noah Webster, Mmarekani, mwalimu kama mimi. Nchi yao ilikuwa ndo kwanza imejitoa kwa Mwingereza, yeye akaona haiwezekani mmefukuza mfalme halafu mnabaki na herufi zake, akatoa kitabu cha kufundishia tahajia mwaka 1783 na kamusi yake kubwa ikatoka 1828. Akakata ile u, akageuza "plough" ikawa "plow". Mengine watu walimgomea, alitaka "tongue" iandikwe "tung" na "women" iandikwe "wimmen", hapo hata Wamarekani wenyewe wakasema mzee punguza.

Halafu msiwaonee Wamarekani kwa kila kitu. Hilo neno "fall" la majira ya majani kupukutika na "gotten" ambavyo Waingereza wanavidharau, vilitumika Uingereza yenyewe zamani, vikapanda meli kwenda Marekani, waliobaki nyumbani wakaviacha. Mmarekani kavitunza, leo anachekwa na wajukuu wa wenye mali.

#4 Kona Baa Sita Mbili

Mwalimu umeongea, na "soccer" je? Maana hapa kila siku tunawatukana Wamarekani wanaharibu jina la mpira.

#5 Chaki Nyeupe

Hilo nalo la Waingereza, mkuu! Chama chao cha mpira kilianzishwa 1863, na mchezo ukaitwa "association football" ili kuutenganisha na ule wa raga. Vijana wa vyuo vya kule, Oxford hasa, walikuwa na tabia ya kukatakata maneno na kuyawekea "er" mwishoni, raga wakaiita "rugger", hii ya "association" ikawa "soccer". Magazeti ya Uingereza yalilitumia neno hilo miaka na miaka, baadae sana ndo wakaanza kujifanya hawalijui kwa sababu Mmarekani kalipenda.

#6 Kona Baa Sita Mbili

Basi nimetukana watu bure tangu Kombe la Dunia la 94.

#7 Kinyozi wa Historia

Nyie mnacheka chipsi na ndala, kuna sehemu hii kitu imegharimu damu. Vita ya Korea, Aprili 1951, mto Imjin. Kikosi cha Waingereza cha Gloucestershire kimezingirwa na Wachina wengi kupita kiasi. Kamanda wa brigedi yao, Brigedia Brodie, akampigia jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake, na inavyosimuliwa alimwambia "things are a bit sticky". Kwa Mwingereza wa tabaka lile hiyo maana yake tunakufa, leta msaada sasa hivi. Mmarekani akasikia mambo magumu kidogo ila wanajimudu. Kikosi kikaachwa pale kishikilie kilima, na zaidi ya watu 500 walichukuliwa mateka.

Ukiwaangalia vizuri, Waingereza wana ugonjwa wa kusema kidogo na Wamarekani wa kusema sana. Mwingereza akionja pilau lako akasema "quite good" ujue amesema sio mbaya sana, yaani kapewa nusu sahani na inamtosha. Mmarekani akisema "quite good" kaipenda kweli. Mwingereza akikwambia "with all due respect" jiandae, hapo heshima imeshaisha.

Churchill mwenyewe, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kaandika kwenye kumbukumbu zake za vita hiyo kwamba maofisa wa nchi mbili waligombana muda mrefu kikaoni kwa ajili ya neno "table". Waingereza wakasema tuna hoja ya haraka tunataka "tui-table", yaani tuiweke mezani tuijadili. Wamarekani wakakataa katakata, maana kwao "ku-table" hoja ni kuiweka pembeni isahaulike. Walipokuja kushtuka, wote walikuwa wanataka kitu kimoja!

#8 Nesi wa Ohio

Ngoja na mimi niweke kambi hapa. Huku Marekani shida sio maneno tu ni namba. Mama mkwe alikuja kutoka Tanga kumwona mjukuu, mtoto akapata homa, mume wangu akapima akasema "mia moja na moja". Mama alishika kichwa, mia moja si maji yanachemka, mtoto anachemka?! Ikabidi nimkalishe nimweleze kwamba hawa wanapima kwa Fahrenheit, mtu mzima wa afya ni 98.6 ambayo ndo 37 yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa mwanangu nimeelewa, usiku akachukua kitambaa cha maji akaendelea kumkanda.

Tarehe ndo usiseme. Wanaanza mwezi halafu siku, kwahiyo 03/04 kwao ni Machi nne wakati kwetu na kwa Mwingereza ni Aprili tatu. Hospitalini nimeona wagonjwa wa kigeni wanakuja na karatasi wamekosea mwezi mzima. Kinachonichekesha ni kwamba sikukuu yao ya uhuru wanaitamka "Fourth of July", siku kwanza mwezi baadae, siku hiyo moja wanakuwa na akili kama zetu.

Na mkifika huku mtu akikuuliza "how are you" msijibu. Narudia, msijibu! Sema "good" na uendelee kutembea. Kuna mmama wa Kikenya kanisani kwetu mwezi wake wa kwanza aliulizwa na keshia wa supamaketi akaanza kumweleza mgongo unavyomsumbua na kijana wake anavyochelewa kupata makaratasi, foleni nyuma imefika mlangoni, keshia wa watu kashika mkate hajui acheke au alie.

#9 Rubani wa Bodaboda

Nesi hapo kwenye namba umenikumbusha ile ndege ya Kanada. 1983, Air Canada, Boeing 767 mpya kabisa. Kanada walikuwa katikati ya kuhama kutoka paundi kwenda kilo, sasa waliokuwa wanapiga hesabu ya mafuta wakatumia paundi kwenye ndege inayohesabu kilo, wakaondoka na chini ya nusu ya mafuta waliyohitaji. Ikakata moto angani injini zote mbili. Bahati rubani alikuwa anajua kurusha zile ndege zisizo na injini, akailetesha kwa upepo mpaka kiwanja cha zamani cha jeshi sehemu inaitwa Gimli, na hicho kiwanja siku hiyo kulikuwa na mashindano ya magari na watu wamekuja na familia zao! Walipona wote.

Na mpaka leo Mkanada hajahama kamili, barabara anapima kwa kilomita, urefu wake mwenyewe kwa futi, hali ya hewa kwa Selsiasi na jiko la kuokea kwa Fahrenheit.

#10 Nairobi Kwa Jirani

Wasee wa Bongo niaje, naona uzi uko moto. Sisi huku tulifundishwa na hao hao Waingereza lakini tukajiongeza. Hebu fikiria dem wa Nairobi anamwambia Mmarekani "please escort me to the stage". Sisi tunaelewa, nisindikize hadi kituo cha matatu. Huyo Mmarekani anasikia nini? Kwao "escort" ni mrembo wa kulipwa na "stage" ni jukwaa. Jamaa anabaki ameduwaa haelewi amealikwa wapi.

Lakini tusijidharau. Mwaka 2022 ile kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno kibao ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. Nyama choma iko ndani. "Tarmac" ile ya kutembea lami ukitafuta kazi iko ndani. "Come-we-stay" iko ndani, yaani ndoa za kuhamiana bila mahari zimepata heshima Uingereza kabla hazijapata kwa wazazi wetu. Na nyinyi Wabongo mmeingiza mama ntilie.

#11 Mzee wa Mapokezi

Nairobi hapo kwa mama ntilie subiri kwanza. Wanaija nao waliingiziwa maneno yao 2020, na moja ni "mama put". Ni huyo huyo mama wa chakula cha mtaani, na jina limejengwa vile vile, wateja wanamwambia mama weka, mama ntilie, nyama iongezeke. Lagos na Kariakoo hawajawahi kukaa kikao lakini njaa imewafikisha sehemu moja. Nilimwambia mwenzangu wa Lagos hapa kazini tukacheka mpaka meneja akatoka ofisini.

#12 Mhaya Kampala

Huku Kampala ukipotea mtaani wiki mbili wanakwambia "you are lost", ukitaka kukaa kwenye benchi la taksi, yaani daladala zao, unamwambia mtu "extend" yaani sogea. "To detooth" ni kumchuna buzi. Kung'oa meno mtu! Na pesa ya umma "inaliwa" kwa Kiingereza kabisa, "he ate the money", mzungu anauliza aliila na nini.

#13 Mkweli Mchungu

Hivi ni visingizio vya waliofeli. Kiingereza kina sheria zake, tusijifiche nyuma ya Wanaija. Mtu akisema "I am go" hiyo ni lahaja ya nchi gani?

#14 Mzee wa Mapokezi

Mkweli hapo sikupingi, "I am go" haipo popote na anayeomba kazi mapokezi aje nayo aone. Ninachosema mimi ni kwamba hiyo sheria ni ya nani? Bilioni yenyewe, Mwingereza kwa miaka mingi alikuwa anaihesabu ni milioni mara milioni, Mmarekani milioni elfu moja. Mwaka 1974 serikali ya Harold Wilson ikasema basi, nasi tutatumia ile ya Marekani. Sasa mwanafunzi aliyejibu kwa hesabu ya Marekani mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa kafeli au kawahi?

Nenda kamcheke mtu kama hajaeleweka. Kama kaeleweka na kazi imefanyika, unacheka nini.

#15 Mkweli Mchungu

Kawahi. Ila na wenzako humu wajifunze kuandika "baadaye", sio "baadae".

#16 Mwanafunzi wa Perth

Nimechelewa uzi lakini siwezi kupita kimya. Huku Australia kwanza wanakata kila neno, "afternoon" ni "arvo", sheli ni "servo". Pili, usiseme unai-"root" timu yako kama Wamarekani wanavyosema wakishangilia, huku hilo neno ni la mambo ya chumbani, kuna Mmarekani darasani alitangaza anawa-root wachezaji wote kumi na moja, mhadhara uliishia pale.

Ila kali ni ya mshikaji ninayekaa naye, Mzambia. Kaalikwa sherehe nyumbani kwa watu, ujumbe umesema "bring a plate". Huku maana yake kila mgeni aje na chakula kwenye sahani mle pamoja. Jamaa akaona maskini hawa wenyeji vyombo havitoshi, akapita dukani akanunua sahani nzuri ya udongo, akafika nayo mlangoni tupu, imefungwa na utepe.

#17 Kona Baa Sita Mbili

Huyo mstaarabu. Mbongo angeambiwa aje na sahani angekuja na hotpoti tatu na mfuko, akiulizwa anasema nyingine ni za watoto waliobaki nyumbani.